Vidole vya Bi Pindo

Walimwita Bi Pindo kwa sababu moja tu: pindo lake halikuonekana. Ungeligeuza gauni nje ndani, ungelisogeza dirishani penye mwanga, ungeazima na miwani ya mtu, na bado usingeona uzi ulipopita. Cherehani haiwezi kazi hiyo. Pindo la namna ile linashonwa kwa mkono, kwa sindano nyembamba, na sindano inachota nyuzi mbili tu za kitambaa. Ukichota tatu, alama inajitokeza upande wa pili na kila mtu anajua gauni limepita kwa fundi. Sasa nyuzi mbili huwezi kuzihesabu kwa macho, macho hayafiki huko. Unazihesabu kwa ncha za vidole.

Kwa hiyo siku alipoambiwa ana saratani ya titi, akalia mpaka akamaliza, akajifuta, swali lake la kwanza kwa daktari halikuwa kama atakufa au atapona. Aliuliza, "Na mikono yangu je? Itaendelea kufanya kazi?"

Daktari, mwanamke kijana wa umri wa binti yake, alidhani anaulizia upasuaji. Akamjibu vizuri tu kwamba wakitoa tezi za kwapani mkono wa upande ule unaweza kuvimba, lakini watamfundisha mazoezi. Bi Pindo akashukuru. Akaondoka akijua ameuliza na amejibiwa.

Upasuaji ulipita salama. Kisha wakamwambia bado kuna kemo, yaani dawa za dripu, mizunguko minane: minne ya dawa mbili pamoja, halafu minne ya dawa nyingine, kila mzunguko baada ya wiki tatu.

"Lakini si mmeshautoa uvimbe?" alimwuliza muuguzi siku ya kwanza, akiwa amekaa kwenye kiti cha kulalia, mkono umenyooshwa juu ya mto.

"Tumetoa ule tuliouona, mama," muuguzi alisema huku akipapasa mshipa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, hakuwahi kukosa mshipa kwa mara ya kwanza, na wagonjwa walimpendea hilo kuliko tabasamu lake. "Inawezekana kuna mbegu mbili tatu zimebaki mahali, ndogo hata picha haizioni. Dawa inazunguka na damu, inazifuata huko huko."

"Na inazijuaje? Imeandikiwa anuani?"

Muuguzi akacheka. "Haizijui, ndiyo shida yake. Sikiliza. Mwili wako umejengwa kwa seli, na seli zinajigawa: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Zilizo nzima zinajua pa kusimama. Za saratani hazina breki, zinajigawa tu. Basi dawa inapiga chochote kinachojigawa upesi. Lakini nywele nazo zinaota upesi. Ngozi ya ndani ya mdomo na ya tumbo inajibadilisha kila baada ya siku chache. Damu inatengenezwa saa zote ndani ya uboho wa mifupa. Vyote hivyo vinapigwa pamoja."

"Kumbe ni kama askari anayekamata kila anayekimbia," alisema Bi Pindo. "Hata aliyechelewa kazini."

"Hapo umesema. Na ndiyo maana tunampa huyo askari likizo ya wiki tatu, waliokamatwa bure warudi nyumbani, ndipo tunamwita tena. Tungemwacha kazini kila siku, asingebaki mtu mtaani."

Bi Pindo alilipenda jibu hilo. Akawa analirudia kwa wenzake wa chumba kile, na chumba kilikuwa na viti sita, kila kiti na habari yake. Palikuwa na mwalimu mstaafu aliyepewa dawa kabla ya kupasuliwa, ili uvimbe unywee kwanza, daktari wa upasuaji apate mahali pa kushika. Palikuwa na dereva wa teksi mwenye saratani ya damu, yeye hakuwa na kitu cha kupasua; dripu ndiyo tiba yake yote na alitarajia kupona kabisa, na kila muuguzi aliyepita, dereva huyo alimwuliza kama anahitaji usafiri jioni. Na karibu na mlango alikaa bibi mmoja mwembamba ambaye aliambiwa wazi kwamba ugonjwa wake hauondoki. Dawa ilimpunguzia maumivu na kumfanya apumue vizuri, akasema hilo lamtosha, kwa sababu kuna watu bado hajamaliza kugombana nao.

Nyumbani Bi Pindo aliishi na wifi yake. Mumewe alikuwa dereva wa lori, wiki nzima barabarani na siku mbili kitandani. Basi dada wa mume ndiye aliyehamia na begi lake na mdomo wake, na huyo wifi alikuwa na mdomo.

Siku ya kwanza baada ya dripu Bi Pindo alitoka chooni mbio. "Wifi, nakojoa damu."

"Hukojoi damu. Ile dripu ilikuwa nyekundu, si niliiona? Sista alisema mkojo utafuata rangi. Ungewekewa ya kijani ningekuogopa zaidi."

Siku ya kumi na sita nywele zilianza kubaki kwenye mto. Wifi akaleta wembe na beseni, akamnyoa, akapapasa kile kichwa, akasema, "Kumbe huku nyuma umebonyea. Kaka yangu aliuziwa mzigo bila kuukagua." Wakacheka mpaka Bi Pindo akaomba waache, vidonda vya mdomoni vinamuuma. Maana vidonda navyo vilikuja. Akasukutua kwa maji ya chumvi kila baada ya kula, na chakula chenyewe kilikuwa na ladha ya msumari. Kichefuchefu alijifunza kukiwahi: kidonge kinamezwa kabla ya tumbo kuchafuka, ukingoja kianze umechelewa. Na kipimajoto kilining'inizwa ukutani kwa uzi, kwa sababu muuguzi alisema chembe nyeupe za damu zinaposhuka, homa ndogo si ndogo tena. Ikifika thelathini na nane, njooni saa yoyote. Wifi akajifanya mlinzi wa mlango. Mgeni mwenye mafua alisalimiwa kupitia dirishani na kuagwa papo hapo.

Mizunguko minne ikapita hivyo. Kisha ikaja dawa ya pili, na hapa ndipo habari yenyewe ilipo.

Siku ile ya dawa mpya chumba kilikuwa kimejaa, muuguzi alikuwa peke yake, na dereva wa teksi alikuwa anatapika. Muuguzi hakupata nafasi ya kukaa na kueleza kama siku ile nyingine. Alimwambia Bi Pindo mambo mawili huku amesimama: kwamba hii haitamsumbua tumbo sana, na kwamba "ukisikia chochote kwenye vidole, vya mikono au vya miguu, uniambie."

Bi Pindo akaenda nyumbani kungoja kusikia kitu kwenye vidole.

Hakusikia kitu. Wiki ya kwanza mifupa ilimuuma kidogo, ikapoa. Wiki ya pili ncha za vidole zikawa kama zimevaa glavu nyembamba. Hazikuuma wala hazikuwasha. Alizikunja, akazikunjua, zikatii. Ila alipoligusa shati la mumewe, hakujua ni pamba au poliesta mpaka alipotazama lebo.

Aliporudi kwa mzunguko uliofuata, muuguzi alikuwa na kadi mkononi na orodha ya maswali. Kutapika? Hapana. Kuharisha? Hapana. Homa? Hapana. "Vidoleni unasikia chochote?"

"Sisikii kitu, sista," Bi Pindo alijibu, na alisema kweli tupu.

"Vizuri," alisema muuguzi, akaandika.

Hilo neno vizuri ndilo lililomkaa kichwani. Njia nzima aliliwaza, na alipofika nyumbani akawa amelipatia maana. Akamweka wifi yake chini, akamweleza.

"Unakumbuka nilipong'olewa jino? Walinichoma sindano ya ganzi kwanza. Shavu likafa. Daktari wa meno akawa ananigonga gonga anauliza, unasikia? Nikasema sisikii. Akasema vizuri, akaling'oa. Sasa hii nayo ndiyo hivyo hivyo. Lazima mwili uzizime kwanza ndipo ugonjwa ung'olewe. Ganzi ikienea, ujue dawa imefika."

Wifi, ambaye hakuwa mtu wa kukubali jambo bila kulipiga mateke, safari hii alikubali. Lilikuwa na mantiki. Na tangu siku hiyo Bi Pindo akawa anafurahia. Ganzi ilipotoka kwenye ncha na kupanda hadi kiungo cha kwanza cha kidole, alimwonyesha wifi kwa kidole gumba, "Leo imefika hapa," kama mama anayepima urefu wa mtoto ukutani. Ilipoingia nyayoni aliona dawa sasa imekamilisha safari, imetoka juu mpaka chini.

Alirudi tena kliniki. "Vidoleni unasikia chochote?" "Sisikii kitu kabisa, sista." Na neno kabisa alilitia mkazo kwa majivuno kidogo. "Vizuri sana," muuguzi alisema. Basi.

Lakini kazini mambo hayakuwa sawa, na kazini ndiko moyo wake ulikokuwa. Alikuwa na meza yake kwenye chumba cha mafundi wawili, yeye upande wa dirisha, na upande wa mlango mwanamume mmoja aliyeitwa Fundi Suruali, kwa kuwa hakushona kingine. Daktari alimruhusu kwenda siku ambazo mwili haujachoka, nusu siku, mradi avae barakoa. Akawa anaangusha pini. Zamani pini ilikuwa kama imezaliwa kidoleni mwake. Sasa alizitawanya sakafuni mpaka Fundi Suruali akaanza kutembea kwa tahadhari.

"Dada, niambie tu kama umenichoka," alisema siku moja akichomoa pini kwenye soli ya kiatu. "Usinitegee mabomu."

"Nyanyua miguu. Ng'ombe tu ndiye anayetembea anakokota."

"Na wewe kiatu chako cha kushoto kiko wapi?"

Bi Pindo akatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa na ndara. Wa kushoto ulikuwa mtupu, una vumbi. Ndara ilikutwa barabarani hatua mia mbili nyuma, imelala inatazama juu, na yeye alikuwa ameingia, amesalimia, amekaa, ameanza kazi bila kujua. Fundi Suruali alicheka mpaka akashika ukuta. Bi Pindo naye alicheka. Dawa inafika, alijisemea.

Kisha mteja mmoja, mhasibu, mwanamke mpole asiyependa makuu, akarudisha gauni la rangi ya maziwa. Hakugomba. Alilitandaza tu mezani, akapitisha ukucha kwenye pindo. "Naona kama nukta nukta, mama. Labda macho yangu."

Yalikuwa macho mazima. Nyuzi tatu, mahali pengine nne. Bi Pindo alilitazama pindo lile kwa muda. Miaka thelathini na moja ya kazi, hajawahi kurudishiwa pindo. Akaomba radhi, akalifumua, akalishona upya, na la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Jioni akamwambia wifi anahitaji miwani mpya.

"Miwani? Si ulisema ni ganzi?"

"Ganzi itaisha dawa ikiisha. Shavu langu lilikaa saa ngapi? Saa tatu. Hii ni kubwa, tuseme miezi mitatu. Lakini mteja hangoji, kwa hiyo nipate miwani."

Akapata miwani. Ikamwonyesha makosa yake kwa ukubwa zaidi.

Mafundi wana namna yao ya kujua kama pasi imepata moto. Unailamba ncha ya kidole, unaigusa pasi haraka, ikisema *tsss* iko tayari, na kidole kimeshaondoka. Hakuna anayeungua, kwa sababu kidole chenyewe ndicho kinachokukumbusha kuondoka. Siku tatu kabla ya dripu ya mwisho, Bi Pindo alilamba kidole, akagusa, na wakati ule ule Fundi Suruali akamwita kumwuliza futi ya kupimia iko wapi. Akageuka kumjibu. Futi iko shingoni mwako, alimwambia, itakuwa wapi tena. Na kidole bado kiko kwenye pasi.

Aliyegundua ni Fundi Suruali, kwa pua. Alimvuta mkono kwa nguvu. Ngozi ya kidole cha shahada ilikuwa imebadilika rangi, na mpaka walipofika kwenye bomba la maji ilikuwa imeinuka lengelenge kama zabibu.

"Dada, hukusikia?"

"Sikusikia kitu."

Na kwa mara ya kwanza alipolisema neno hilo halikumpa raha.

Wifi yake alilifunga lile lengelenge kwa kitambaa safi, akapima joto asubuhi na jioni, na siku ya kliniki akaingia naye hadi ndani, ambako kwa kawaida hakuingia. Alikaa nyuma ya kiti, mkoba mapajani.

Muuguzi alishika kadi. Kutapika? Hapana. Homa? Hapana. Akafika kwenye mkono ili apime presha, akaona kitambaa. "Hapa pamefanyaje?"

"Pasi tu, sista. Si kitu."

"Pole mama. Iliuma sana?"

"Iume vipi? Si nimekwambia sisikii kitu."

Kalamu ya muuguzi ikasimama. Aliinua macho polepole, akamtazama Bi Pindo, akamtazama wifi, akamtazama tena Bi Pindo.

"Husikii kitu," alisema, "yaani huna shida? Au vidole havisikii?"

"Vidole havisikii. Vimekufa ganzi. Nimekuwa nikikwambia mara zote ulizouliza, nawe ukasema vizuri."

Muuguzi aliweka kadi mezani. Aliondoka, akarudi na sinia dogo. "Mama, fumba macho." Akaweka kitu kiganjani, akamwambia akishike kwa vidole na kukitaja. Bi Pindo alikizungusha, akakibonyeza, akakipapasa. "Pamba?" alikisia. Alipofumbua macho ilikuwa kifungo. Kifungo cha shati, chenye matundu manne, kitu ambacho vidole vyake viliwahi kukishika labda mara laki moja.

Wifi alisimama, akakaa tena.

Muuguzi alivuta kiti, na safari hii alikaa. Alifungua kadi akamwonyesha: mahali pa vidole palikuwa pameandikwa hakuna, hakuna, kwa mwandiko wake mwenyewe. "Umeniambia kweli kila mara," alisema. "Mimi nikasikia nilichozoea kusikia. Kosa ni langu, mama. Nisamehe. Dripu hatuiweki leo mpaka daktari akuone."

Daktari alikuja, akamchunguza kwa pini butu, kwa pamba, kwa kijiti cha chuma kinachotetemeka alichokiegemeza kwenye kifundo cha mguu. Alimwomba afunge vifungo vya koti lake mwenyewe la kidaktari. Bi Pindo alifunga kimoja kwa muda ambao zamani angekuwa amekishona. Kisha daktari akaeleza, na kwa kuwa alijua anaongea na nani, alieleza kwa uzi.

"Ndani ya kila seli kuna nyuzi nyembamba sana. Seli ikitaka kujigawa, zile nyuzi zinavuta, nusu upande huu, nusu upande huu. Dawa hii inazikaza nyuzi zisilegee. Seli ya saratani inakwama katikati ya kujigawa, inakufa."

"Kama uzi ukijikaba kwenye bobini," alisema Bi Pindo.

"Hasa. Sasa mishipa yako ya fahamu nayo ina nyuzi kama hizo. Haizitumii kujigawa. Inazitumia kama reli, kupeleka chakula kutoka mgongoni hadi mwisho wa mshipa. Na mishipa mirefu kuliko yote inaishia wapi?"

Bi Pindo alitazama mikono yake. "Vidoleni."

"Vidoleni na nyayoni. Reli ikikazwa, mwisho wa reli ndio unaokosa chakula kwanza. Hiyo ganzi si dalili kwamba dawa imefika kwenye ugonjwa. Ni mishipa inaumia. Wapo wanaopata dawa hii bila ganzi na inawasaidia vile vile."

"Itaondoka?"

"Mara nyingi inapungua. Polepole, miezi, pengine mwaka na zaidi. Wengine inaondoka yote. Wengine inabaki kidogo. Siwezi kukuahidi ipi ni yako." Kisha daktari akasema lililokuwa gumu. "Imebaki dozi moja. Kamili siwezi kukupa tena. Njia ziko mbili. Ya kwanza, tunaishia hapa. Umeshapata sehemu kubwa ya tiba. Ya pili, tunangoja wiki mbili, kidonda kipone, tunatoa dozi iliyopunguzwa. Hiyo inaongeza kinga kidogo dhidi ya ugonjwa kurudi, na inaweza kuongeza ganzi kidogo. Vyote viwili ni kidogo, na vyote viwili ni vya kweli. Nenda nje, kaa, fikiri."

Walikaa kwenye benchi la korido, mbele ya mlango wa stoo ya mashuka. Wifi alifungua mkoba, akaufunga.

"Nilikuwa nashangilia," alisema Bi Pindo. "Nilikuwa nakuonyesha ilipofika."

"Na mimi nilishangilia. Tulikuwa wajinga wawili. Peke yako ungeona aibu."

"Wifi, bila pindo mimi ni nani pale? Cherehani kila mtu anayo."

"Kaka yangu hakukuoa kwa ajili ya pindo."

"Alinioa kwa ajili ya nini?"

"Hata sisi tulimwuliza." Wifi alingoja acheke, hakucheka, basi akaacha utani na kumgeukia. "Nisikilize. Mimi sijui nyuzi wala reli. Najua kwamba ukiishia hapa halafu siku moja ukahisi kauvimbe, hata kama si kitu, utakesha mwaka mzima ukijiuliza kuhusu dozi ile. Nakujua. Wewe ni mtu anayeamka kufumua pindo ambalo mteja ameshalichukua."

Bi Pindo alifungua kiganja, akakikunja. Watu walipita na mafaili. Alikuwa anawaza kwamba swali lake la kwanza siku ile alilipeleka kwa daktari akajibiwa habari ya mkono kuvimba, si ya vidole, na kwamba tangu hapo kila mmoja alikuwa akimjibu mwenzake kwa ukarimu jambo ambalo hakuuliza. Hakuwa na hasira. Alichoka tu, na kuchoka kule kulimfanya aone wazi: vidole bila yeye havina kazi, lakini yeye bila vidole bado ana macho, ana mdomo, ana miaka thelathini na moja kichwani.

Alirudi ndani. "Nitangoja wiki mbili, mnipe hiyo iliyopunguzwa," alisema. "Lakini safari hii nauliza mimi kwanza, mnijibu nilichouliza." Akauliza maswali tisa. Muuguzi alisimama pembeni akiyajibu moja moja, na bibi mwembamba wa karibu na mlango, ambaye dripu yake ilikuwa imeisha zamani, alikataa kwenda nyumbani kabla hajasikia yote.

Ikatolewa. Ikaisha. Baada ya hapo muuguzi aliacha kuwauliza wagonjwa kama wanasikia chochote. Aliwauliza vidole vinafanyaje kazi, kisha akawapa kipande cha nguo chenye vifungo vitatu, akawaambia, funga nione.

Ganzi iliongezeka wiki chache, ikasimama, ikakaa pale pale miezi minne kama mgeni asiyesoma uso wa mwenyeji. Mwezi wa tano vidole gumba na vya shahada vilianza kuchoma kama vimekaliwa na siafu, na wifi alimkuta anatabasamu na machozi yanamtoka. Nyayo zikafuata, ndara zikaanza kukaa miguuni. Nywele zilirudi mapema, zimejikunja kuliko zamani. Lakini vidole vitatu vya mwisho vya kila mkono vilibaki vimevaa glavu ile ile, na daktari alipomwona mwaka ulipotimia alisema pengine ndivyo vitakavyobaki. Anakata, anapima, anashona kwa cherehani, anavaa subana za chuma kwenye vidole viwili ili sindano isimpitie bila taarifa, na pasi anaijaribu kwa tone la maji. Nyuzi mbili hazipati. Amejaribu mara nyingi kuliko alivyomwambia mtu.

Gauni la mhasibu, lile la rangi ya maziwa, lilibaki kwenye kabati muda wote huo, na mhasibu hakulidai. Siku moja Bi Pindo alilitoa, akalitandaza kwenye meza ya Fundi Suruali, juu ya suruali zake.

"Hili nini?" aliuliza Fundi Suruali.

"Pindo. Lete mkono."

"Dada, mimi nina vidole vya kuchimbia mtaro."

"Nimeviona. Lete."

Alimkalisha kwenye kiti chake yeye, upande wa dirisha, akamchagulia sindano. Akamwambia asitazame, afumbe macho, aguse kitambaa mpaka asikie nyuzi zinavyopishana, na asimwambie amesikia kama hajasikia. Ilichukua asubuhi nzima. Fundi Suruali alitoka jasho, akalaumu mwanga, akalaumu uzi, akamlaumu aliyegundua magauni. Kufikia saa sita alikuwa ameshona urefu wa kiganja.

Bi Pindo alivaa ile miwani yake, akaligeuza pindo kwenye mwanga, akalisogeza karibu na uso.

"Tatu," alisema. "Hapa nne. Hapa, hii moja, nyuzi mbili."

"Ipi?"

Akamwonyesha.

Fundi Suruali aliinama akaitazama ile moja kwa muda, kisha akajinyoosha na kukaa vizuri kwenye kiti.

"Fumua," alisema Bi Pindo. "Hiyo moja uiache."